Mchezo wa Kutafuta Vitu Kando ya Mto Isiolo

Msafiri atokaye Nairobi kwenda Isiolo hupita Nanyuki na Timau, kisha gari huanza kuteremka. Mlima Kenya na mashamba ya ngano huachwa nyuma, na mbele hutandaa nchi kavu ya migunga, isiyo na mwisho machoni. Kwa miaka mingi mji huu ulikuwa kama lango: lami ilikomea hapo, naye aliyeendelea mbele aliendelea kwa vumbi. Siku hizi lami yafika hata Moyale, walakini mtu akishuka garini Isiolo bado huona ameingia nchi nyingine. Waborana, Wasomali, Waturkana, Wasamburu na Wameru hukutana sokoni, na wanawake hupakia maziwa ya ngamia yapelekwe Nairobi.

Nalikwenda huko mwezi wa Agosti, shule zilipokuwa zimefungwa, kumzuru rafiki yangu ambaye zamani tulikuwa makarani pamoja. Nyumbani mwake nalikuta watoto saba, mkubwa wao binti wa miaka tisa na mdogo wa miaka minne, nao wamechoka kwa kukaa bure. Basi nikakumbuka mchezo niliouona kwa mwalimu mmoja wa watoto wadogo. Huwatajia vitu kadhaa, kisha huwaachilia nje wavitafute. Hautaki fedha wala vyombo, ila mfuko kwa kila mtoto na mtu mzima wa kuwaangalia.

Asubuhi, kabla ya jua kuwa kali, tuliteremka kando ya Mto Isiolo. Kwa kuwa wengine hawajajua kusoma, nilitaja vitu kwa mdomo, vitano tu: unyoya wa ndege, jiwe jeupe, jani lililoliwa na mdudu, kitu chenye harufu nzuri, na kitu kinachong'aa.

Nilipotamka hicho cha tano, rafiki yangu alinishika mkono. “La, Bwana,” akasema, “hicho kiondoe.” Akawaita watoto waliokwisha kukimbia, nao wakarudi.

Kisha akanieleza. Kaskazini ya mji, mwendo usiofika saa moja kwa gari, ndiko Archers Post, na huko kuna nchi ambayo askari wa Uingereza wamefanyia mazoezi ya silaha kwa miaka mingi. Mabomu yasiyolipuka yalibaki majanini, na watoto wachungaji wakayaokota wakidhani ni vitu vya kuchezea. Wengine walikufa, wengine wakapoteza mikono au macho. Mwaka 2002 Wizara ya Ulinzi ya Uingereza ilikubali kuwalipa watu 233, Wamasai na Wasamburu, wa Archers Post na Dol Dol, jumla ya pauni milioni 4.5.

“Hapa mtoni si huko,” akasema, “na hapa sina hofu. Lakini mtoto wa Isiolo wiki hii yuko mtoni, wiki ijayo yuko malishoni kwa wajomba zake. Ukimfundisha leo kwamba king'aacho huokotwa, kesho utamtuma nani amfuate kumwambia asikiokote?”

Naliona haya. Nilikuwa nimeuchukua mchezo ule kama ulivyo, mfano wa mtu achukuaye mbegu za Kiambu akazipande Garba Tula.

Basi tuliugeuza papo hapo. Mifuko tuliikusanya. Watoto wakaambiwa waweke mikono nyuma, watafute kwa macho, na anayeona aite, ili wote waje kutazama. Jiwe lisifunuliwe, maana nge hulala chini yake. Na chuma cha namna yoyote kisiguswe kabisa: mtoto asimame, arudi kwa njia aliyojia, amwite mkubwa.

Nilidhani wataona ni adhabu. Kumbe mchezo ulizidi kuwa mtamu. Nikawaambia watafute nyayo za wanyama watatu, na yule wa miaka minne akasimama mchangani akataja bila kusita: mbuzi, punda, ngamia. Mimi naliona mashimo tu. Wayo wa ngamia, walinionyesha, ni mpana kama chapati, na mbele una alama za kucha mbili. Yule binti akaongeza kwamba ngamia huyu alikuwa akienda kunywa, hajarudi. Nikamwuliza ajuaje. Akajibu, kama anenaye na mtu mzito wa akili, kwamba nyayo za kurudi zingekuwa na tope.

Kwa harufu nzuri palitokea ugomvi. Mmoja alituita penye mti wa mswaki, mwingine penye samadi ya mbuzi, akishikilia kwamba nyumbani kwa nyanya yake ndiyo harufu ya kwanza ya asubuhi. Nikawapa wote wawili ushindi. Kisha tukahesabu viota vya mnana vilivyoning'inia mgungani, tusipatane idadi, kwa kuwa mdogo kila akifika kumi na moja hurudia tano.

Tulipokaribia barabara wakati wa kurudi, mdogo huyo alisimama ghafula, mikono ingali nyuma. Akarudi hatua tatu, akaita, “Baba, njoo!” Palikuwa na kifuniko cha chupa ya soda, kinameta juani. Rafiki yangu alikwenda, akainama, akakitazama kwa muda mrefu kana kwamba hajapata kuona kitu kama hicho. “Umefanya vyema,” akamwambia. Kisha tukaenda kunywa chai.