MySQL ikimeza memori yote: kisa cha seva moja ya Diani

Kuna hoteli moja Diani, jina lake nalihifadhi, ambayo msimu wa Desemba seva yake ilikuwa ikianguka kila siku kuanzia saa nane mchana, saa ileile wageni wanaposhuka na mabegi. Bosi alishakata shauri: inunuliwe seva mpya, na kijana wa kompyuta aende kwao Msambweni. Kijana mwenyewe alikuwa na miezi miwili tu kazini. Mitambo aliikuta hivyo.

Nikavuka feri Likoni nikaenda kuona.

Seva ilikuwa na kore mbili na memori gigabaiti 4. Amri ya top ilionyesha mysqld iko karibu asilimia 200, yaani kore zote mbili zimeshikwa. Diski ilikuwa imetulia. Hapo ndipo pa kutega sikio: prosesa ikihangaika huku diski imelala, mara nyingi databesi inapekua safu moja moja ndani ya memori. Nikaita dmesg: kerneli ya Linux imeiua mysqld mara kadhaa kwa kukosa memori.

Kumbukumbu ya maswali yanayochelewa ilikuwa imewashwa, lakini tupu! Kumbe long_query_time ilikuwa sekunde 10, kama inavyokuja, na swali lililokuwa likiwatesa lilichukua sekunde 2. SHOW FULL PROCESSLIST ikalitoa hadharani: wageni wa leo, kwa DATE(kuingia) = CURDATE(). Ukiifunika safuwima kwa DATE() namna hiyo, indeksi ya kawaida ya safuwima haitumiki. EXPLAIN ikasema ALL, yaani jedwali zima, miaka yote ya wageni.

Sasa piga hesabu nami. Skrini 8 za mapokezi, kila moja inauliza kila sekunde 5 bila kungoja jibu la kwanza. Mara 8 kwa sekunde 2 ni sekunde 16 za kazi ndani ya kila sekunde 5. Kore mbili zina 10 tu. Foleni haiishi, inarefuka. Na kila aliye kwenye foleni ana bafa yake: mtu alinakili mahali sort_buffer_size ya megabaiti 16, badala ya kilobaiti 256 za kawaida. Miunganisho 90 inaweza kudai megabaiti 1,440, na innodb_buffer_pool_size ilishapewa gigabaiti 3. Jumla inapita 4 kabla Linux yenyewe haijapata chochote. Kwa hiyo memori ilikuwa mtoto wa tatizo, mzazi ni prosesa. Seva kubwa ingeahirisha tu.

(Makala ya zamani yatakushauri uongeze query_cache_size. Achana nayo, kitu hicho kiliondolewa toleo la 8.0, mwaka 2018.)

Swali tuliliandika upya: kuingia >= CURDATE() AND kuingia < CURDATE() + INTERVAL 1 DAY, tukaiwekea safuwima indeksi. EXPLAIN ikageuka range. Bafa tukazirudisha, buffer pool ikawa gigabaiti 2, long_query_time sekunde 1.

Kesho yake saa nane prosesa haikufika hata asilimia 10. Dada wa mapokezi aliuliza kama tumezima kitu. Seva ni ileile mpaka leo, na kijana yupo. Sasa anasumbuka na bakapu: amegundua zinaandikwa kwenye diski ileile ya databesi.