Kufuli Niliyoitumainia

Nilikuwa mtu wa kufuli. Niliandika sehemu ya keneli ya Linux inayozitafutia njia pakiti za mtandao. Jedwali la njia husomwa muda wote na kubadilishwa kwa nadra, nikaliwekea kufuli ya wasomaji na waandishi: wasomaji waingie pamoja, mwandishi aingie peke yake. Nikajiona nimemaliza.

Tulipohamia seva ya kori 64, kasi ilishuka badala ya kupanda. Nililaumu kadi ya mtandao, nikalaumu kompaila. Mwenzangu mmoja, mwenye subira nisiyostahili, alinionyesha nisichokiona: kwenye kufuli ile hata msomaji huandika. Akiingia huongeza hesabu, akitoka huipunguza. Ni msiba wenye daftari moja la rambirambi mlangoni. Kila mtu karuhusiwa kuingia, lakini kalamu ni moja. Hesabu ile ilirushwa kutoka kashe ya kori hii hadi ile, na kori zikangojana ingawa hakuna aliyebadilisha njia yoyote.

Akanielekeza kwenye mbinu ya RCU (read-copy-update), iliyotengenezwa na Paul McKenney na Jack Slingwine walipokuwa kwenye kampuni ya Sequent miaka ya 1990, ikaingizwa Linux mwaka 2002. Msomaji hafungi kitu. Mwandishi hunakili, hurekebisha nakala, kisha hugeuza kielekezi mara moja. Ya zamani hufutwa wasomaji wake wakishatoka.

Sikuamini. Bila daftari, nani atajua wametoka? Jibu lilinitahayarisha kwa wepesi wake: msomaji haruhusiwi kulala akiwa ndani, hivyo kila kori ikishabadili kazi angalau mara moja, wa zamani wote wamekwisha kutoka.

Hata hivyo nilishindana nayo. Nilichukia kwamba msomaji aweza kuona njia iliyopitwa, mpaka nikakiri kuwa kufuli yangu nayo haikuizuia pakiti iliyotangulia kidogo tu kupita njia hiyo. Kisha nikafuta nakala ya zamani bila kungoja, seva ikaanguka.

Leo wasomaji wangu hawangojani, kwa kazi ya watu ambao sikuwasaidia hata mstari mmoja. Jedwali la miunganisho, linaloandikwa kila mara, bado lina kufuli za kawaida; huko RCU ingenigharimu nakala nyingi bure. Nimeligawa vipande, kila kimoja na kufuli yake, na bado nalipima.