Mita tano nyuma ya kamyo



Juma hili ninataka kuwaelezea jambo nililonyamazia tangu mwezi wa saba wa mwaka uliopita. Wengi wenu mlinitembelea wakati ule, mkaniona nimefungwa kitambaa kichwani, mkanipa pole. Asanteni. Lakini kilichoninyima usingizi hakikuwa kidonda.

Tulikuwa tunatoka Butembo kwenda Beni, kwenye kilio. Maziko yalikuwa saa sita mchana, na sisi tulichelewa kuondoka. Shofere alikuwa shemeji yangu, mdogo wa bwana yangu, ambaye anaishi kwa kazi hiyo ya taksi. Mbele alikaa naye mama mmoja muuza vitenge. Mimi nilikuwa nyuma ya shofere.

Mnaijua barabara yetu pale Kabasha. Ukitoka Butembo unateremka sana, kona baada ya kona, na wakati wa kiangazi vumbi linafunika kila kitu. Tulikuta kamyo iliyojaa mifuko ya viazi. Shemeji alitaka kuipita, akakosa nafasi, basi akaikaribia ili apite mara njia itakapofunguka. Tulikuwa karibu kiasi kwamba niliweza kuhesabu mafundo ya kamba iliyofunga mzigo. Ninakadiria mita tano, hazikuzidi.

Na mimi nilisema nini? Nilisema: «Shemeji, ongeza kidogo, tutakuta wamekwisha kuzika.»

Mbuzi walikatisha barabara. Kamyo ikafunga freni. Mataa yake ya nyuma hayakuwaka, na tuliingia chini ya mkia wake. Mimi nilipasuka kichwa. Mama wa vitenge alivunjika mguu.

Watu walikusanyika, na maneno yakaanza hapo hapo. Shofere wa kamyo: «Wewe ndiwe umenigonga kwa nyuma, sina la kujibu.» Shemeji: «Umesimama ghafla, na huna mataa!» Kila mmoja alikuwa na watu wa kumshangilia. Polisi wa barabarani waliandika, wakapima, na mimi nikaombwa nije kutoa ushuhuda siku nyingine, kwa kuwa nilikuwa nimeona mbele vizuri.

Usiku kabla ya siku hiyo, mama mkwe alikuja nyumbani. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema: «Mwalimu, wewe unajua kusema. Uwaambie tu kwamba kamyo ilisimama ghafla. Mtoto ana watoto watatu.»

Hakuniomba niseme uongo, maana ni kweli kamyo ilisimama ghafla. Aliniomba tu niziache zile mita tano. Na kama ningeziacha, maneno yangu mwenyewe ya kuharakisha nayo yangebaki pale Kabasha, ndani ya vumbi.

Mimi ninafundisha hesabu na fizikia. Niliomba ISP wanipe diploma ili niwafundishe watoto wa watu mambo haya, kwa hiyo usiku ule nilichukua kalamu. Motokari inayokwenda kilomita 60 kwa saa inapita karibu mita 17 kwa sekunde moja. Kwa kilomita 40 inapita mita 11. Macho yakiona hatari, mguu unahitaji kama sekunde nzima kufika kwenye freni, na katika sekunde hiyo motokari inaendelea kana kwamba hujaona kitu. Baadaye ndipo freni inaanza kazi yake, na hapo kuna jambo lingine ambalo watu hawalijui: mwendo ukizidishwa mara mbili, njia ya kusimama baada ya kufunga freni inazidishwa mara nne.

Nilipowapa wanafunzi hesabu hii darasani, kijana mmoja alinipinga: «Mwalimu, kamyo nayo haisimami mara moja. Inateleza mbele, basi na wewe unapata nafasi.» Amesema kweli. Ndiyo sababu tunaponyoka mara nyingi. Leo tunafuata karibu na hatugongi, kesho vilevile, mpaka shofere anaamini kwamba mita tano zinatosha. Kumbe siku zile zote alikuwa amebebwa na freni mbaya za wa mbele, au na mataa yaliyowaka kwa wakati. Siku moja wa mbele anasimama haraka kuliko wewe, na zile siku nyingine hazikusaidii kitu.

Sheria nayo inasemaje? Kodi ya barabara ya nchi yetu, sheria nambari 78-022 ya tarehe 30 Agosti 1978, inamtaka shofere aongoze mwendo wake kwa namna ya kuweza kusimama mbele ya kizuizi kinachoweza kutazamiwa. Mbuzi katika barabara ya kwetu, nani asiyeweza kuwatazamia? Ndiyo maana anayegonga kwa nyuma ndiye anayeulizwa wa kwanza. Lakini haimaanishi kwamba wa mbele ni mtakatifu siku zote. Naye hana ruhusa ya kufunga freni ghafla bila sababu, na mataa yake lazima yawake. Kosa linaweza kugawanywa. Na sheria ya raia, katika kifungu cha 258, inasema neno ambalo hata mtoto analielewa: aliyemwumiza mwenzake kwa kosa lake, atengeneze alichoharibu.

Nilikwenda, nikasema yote: mbuzi, mataa yasiyowaka, mita tano, na maneno yangu.

Mwenye kamyo alikubali kulipa sehemu kwa ajili ya mataa. Sehemu kubwa ilimwangukia shemeji. Hapo ndipo tulipogundua kwamba asuransi ya taksi ilikuwa imekwisha tangu miezi miwili. Sheria inalazimisha kila motokari iwe na asuransi ya kulipa wanaoumizwa, na siku ile tulielewa kwa nini. Ulikuwa mguu wa mama wa watu, na jamaa nzima tulichanga. Ng'ombe mmoja aliuzwa. Mshahara wangu wa miezi miwili ulikwenda humo, na sikunung'unika, kwa sababu na mimi nilikuwa katika motokari ile kwa mdomo wangu.

Yule mama amerudi sokoni na vitenge vyake, akitembea na fimbo. Mama mkwe ananisalimia. Bado haniiti nikae naye jikoni kama zamani.

Ninawaandikia kwa sababu sisi wanawake ndio tunaojaza taksi na moto hizi, kwenda soko, kilio, arusi, hospitali. Sisi si mizigo, tuna mdomo. Basi tufanye hivi. Angalia mti au nyumba kando ya njia. Mkia wa motokari ya mbele ukiufikia, sema polepole: «mia moja na moja, mia moja na mbili.» Ukifika kwenye mti ule kabla hujamaliza, mko karibu mno. Kukiwa mvua, matope, vumbi, mzigo mzito au mteremko, hesabu mpaka nne. Kisha mwambie shofere kwa heshima: «Baba, tuachie nafasi kidogo.» Na kabla ya kupanda, omba kuona karatasi ya asuransi na utazame tarehe yake.

Ninajua wengine mtasema: mwalimu, wewe hujasafiri katika msafara wa kwenda Oicha, Eringeti na Komanda, na askari mbele. Kule hakuna anayetaka kubaki nyuma. Nimesafiri huko, ninaijua hofu hiyo, nami nilitamani shofere ashikamane na wa mbele kama mtoto na kitenge cha mama. Lakini fikirini: kukitokea jambo, aliyegandamana na mkia wa mwenzake hawezi hata kugeuza. Nafasi mbele yako ndiyo njia yako ya kutoka.

Maziko yale ya Beni hatukuyafikia. Waliozika walizika bila sisi, na hakuna aliyetulaumu. Ningenyamaza pale nyuma ya shofere, tungechelewa nusu saa tu.

Dada yenu, mwalimu, Butembo