Jani lenye jina la uzima

Wifi yangu anapika kwenye kambi ya wachimbaji mkoani Geita, na huko amejifunza viungo ambavyo sisi wa Shinyanga hatukuvizoea. Kimoja ni seji, jani la kijani lenye umajivu na manyoya laini, harufu yake inakaribia ile ya mkaratusi. Hulitia kwenye nyama yenye mafuta: kuku wa kuoka, maini, na kitimoto kwa wanaokula. Wakati mwingine hulikaanga kwenye siagi mpaka likauke, akaitandaza siagi yenyewe juu ya viazi. Majani matatu au manne yanatosha sufuria. Ukizidisha, chakula kinanuka dawa.

Shangazi alipoonja, alitaka kujua jina hilo maana yake nini. Kwetu jina la mmea ni nusu ya maelezo. Mchaichai ni wa chai, mwarobaini ni wa magonjwa arobaini.

Nikamweleza kuwa seji ni neno la Kiingereza lililopitia Kifaransa kutoka Kilatini, *salvia*, lenye undugu na neno la kumaanisha mzima, mwenye afya. Waingereza wana seji nyingine yenye maana ya mtu mwenye hekima, lakini asili yake ni tofauti, yamefanana sauti tu. Shangazi akachukua la uzima, la hekima akaliacha.

“Basi linaponya. Mjukuu akishikwa na homa tutamchemshia.”

Hapo nikaweka kijiko chini. Mafuta ya seji yana kemikali iitwayo thujoni, ambayo ikiwa nyingi huweza kuleta degedege, hasa kwa watoto wadogo. Majani ya kutia ladha kwenye mchuzi hayana shida, ila mafuta yaliyokamuliwa ni habari nyingine. Mwarobaini nao vilevile: mafuta ya mbegu zake yamewahi kuwaletea watoto wachanga kutapika, usingizi mzito na degedege.

Sasa mchukue mtoto mwenye malaria kali, ambayo nayo huleta degedege, umnyweshe mafuta hayo. Akianza kukakamaa, nani atajua ni ugonjwa au ni dawa? Hata mganga wa zahanati atabaki kuuliza amepewa nini, na nyumbani mara nyingi jibu ni “hajapewa kitu”.

Geita si mahali pa kubahatisha homa. Mashimo ya wachimbaji wadogo hujaa maji ya mvua, na mbu haulizi mwenye shimo. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2017 ulikuta vimelea vya malaria kwa asilimia 17 hivi ya watoto wa chini ya miaka mitano mkoani humo, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 7.

“Kwa hiyo mwarobaini wa uani tuukate?” Shangazi aliuliza, amenuna.

Hapana, shangazi, kivuli chake tunakihitaji. Ila homa ya mtoto ianzie zahanati. Kipimo cha haraka kinataka tone moja la damu ya kidole, na majibu hutoka ndani ya dakika 20 hivi, hata pasipo na maabara.