Kabla Hujaiaga Raga

Indianapolis, Indiana

Mpwa wangu mpendwa,

Ujumbe wako wa sauti tuliusikiliza jikoni mimi na mkaza mjomba wako, yeye akitingisha kichwa na mimi nikicheka, maana umeongea kama babu yako alivyokuwa akiongea akitaka kuuza ng'ombe.

Unasema unataka kuiacha raga uje Marekani ujaribu bahati yako katika futiboli ya huku, ile ya kofia na mabega ya plastiki. Umeniomba nauli. Umeniomba pia nimweleze mama yako. Jambo moja hukuniuliza, nalo ndilo nitakalolijibu kwanza: unakuja kuwa nani ndani ya uwanja huo?

Umenitajia Daniel Adongo, na hukukosea. Kijana wa Nairobi, ameshacheza raga Afrika Kusini na New Zealand, akasajiliwa na Colts wa mji huu ninaoishi mwaka 2013 bila ya kuwa amecheza hata mechi moja ya futiboli maishani mwake. Desemba ya mwaka huohuo akaingia uwanjani katika mechi ya ligi, Mkenya wa kwanza kucheza NFL, ligi kuu ya futiboli ya huku. Wakenya wa huku tulipigiana simu usiku kucha. Hadithi yako inaishia hapo. Mimi niliyekuwa hapa niliiona na iliyobaki. Alitumika zaidi katika vikosi maalumu, wale wanaoingia mpira unapopigwa teke, wakakimbia wamwangushe aliyeudaka, kisha wakarudi benchi. Mechi zenyewe zilikuwa chache mno, na mwaka 2015 safari yake na Colts ikaisha. Jamaa alikuwa na futi sita na inchi tano na mwili wa kutisha. Mwili haukuwa shida.

Shida ni jicho. Wewe umeshika mpira wa raga tangu darasa la sita. Skramu ikivunjika unajua mpira unaelekea wapi kabla nusu ya watu uwanjani hawajajua, na huwezi kunieleza unajuaje. Vijana wa huku wana jicho hilohilo katika mchezo wao, na wengi wamelipata tangu wana miaka minane au tisa. Mchezo mmoja huchukua sekunde chache tu, halafu kila mtu anasimama, anapangwa upya. Katika sekunde hizo kila mmoja wa wale 11 ana kazi yake iliyoandikwa, na kazi hiyo hubadilika ikiwa beki mmoja wa upande wa pili amesogeza mguu nusu hatua kabla mpira haujaguswa. Ukisita kufikiri, mchezo umeisha na kocha anakutazama.

Tena kuna vitu itabidi uvisahau, na kusahau ni kazi kubwa kuliko kujifunza. Fikiria unavyoangushwa. Katika raga, ukienda chini mkono wako wenyewe unaupeleka mpira upande wa wenzako na kuuachia. Hufikirii, mwili unafanya. Hapa mkono huo ukiuachia mpira sekunde moja kabla goti halijagusa ardhi, umewapa wapinzani zawadi, na wiki hiyohiyo huenda ukaonyeshwa mlango. Au chukua suala la kumzuia mtu asiye na mpira. Kwako hilo ni kosa, refa anapuliza. Hapa ndiyo kazi ya karibu nusu ya timu, na wewe pia utagongwa na mtu ambaye hukumwona, hata kama mpira uko upande wa pili wa uwanja.

Najua utanijibu kwa kasi yako. Kila kijana wa raga anayekuja huku anaanzia hapo. Jarryd Hayne alikuwa nyota wa ligi ya raga ya Australia, mchezaji bora wa msimu mara mbili, mtu aliyejaza viwanja Sydney. Akaacha vyote, San Francisco 49ers wakamchukua mwaka 2015, akaipata nafasi ya kikosi cha msimu, jambo ambalo wengi hawalifikii. Mechi yake ya kwanza ya ligi, mpira wa kwanza kumjia kutoka angani ulimponyoka mikononi. Mwaka uliofuata alishaondoka. Christian Wade, winga wa Uingereza, alipewa mpira na Buffalo Bills mwezi wa Agosti 2019 katika mechi ya maandalizi, tena dhidi ya hawa Colts wangu; mara ya kwanza kuushika alikimbia yadi 65, karibu mita 60, mpaka mwisho wa uwanja bila kuguswa. Watu walidhani nyota imezaliwa. Hakucheza hata mechi moja ya ligi. Louis Rees-Zammit naye aliiacha Wales Januari 2024, akapitia Kansas City na Jacksonville, na mwaka 2025 akarudi kwenye raga. Wote watatu wana kasi kuliko wewe, na unisamehe kwa kusema.

Hata Usain Bolt, tukiingia kwenye mpira wa miguu tuliouzoea, alikwenda Australia mwaka 2018 kujaribiwa na Central Coast Mariners. Alifunga mabao mawili katika mechi ya kirafiki mwezi wa Oktoba, na Novemba akawa ameondoka bila mkataba na bila mechi ya ligi. Rekodi zake za mbio fupi hakuna binadamu aliyezivunja. Mpira ulimshinda.

Sasa sikiliza habari ya Jordan Mailata, maana ndiye ninayetaka umsome badala ya hao wenye video za kukimbia. Alizaliwa Sydney, wazazi wake ni Wasamoa, akacheza raga katika timu ya vijana ya South Sydney. Alikuwa mkubwa kupita kiasi kwa mchezo ule, mita mbili na zaidi, kilo zaidi ya 150. Akaingia katika programu ya NFL ya wachezaji wa kimataifa, akafundishwa Florida kwa wiki chache, na Aprili 2018 Philadelphia Eagles wakamchagua katika raundi ya saba na ya mwisho, nambari 233. Alikuwa bado hajacheza mechi hata moja ya futiboli.

Watu wanaipenda sehemu hiyo ya hadithi, halafu wanaruka moja kwa moja mpaka kwenye fedha. Mimi nakuomba ukae na miaka miwili iliyo katikati. Msimu wa 2018 hakucheza mechi ya ligi. Msimu wa 2019 pia hakucheza. Mgongo ulimuuma. Alikuwa akienda mazoezini, na kocha wa safu ya mbele, Jeff Stoutland, akimfundisha jinsi ya kuweka miguu. Miguu tu, na mikono, na namna ya kushusha makalio. Mtu wa urefu ule anapigwa kirahisi akisimama wima, kwa hiyo ilibidi afundishwe kukaa chini, arudi nyuma hatua fupifupi bila kunyanyuka, mikono mbele, na amguse mpinzani kifuani kabla hajaguswa yeye. Asubuhi ileile, mchana uleule, miaka miwili. Wazee wetu waliposema mtaka cha mvunguni sharti ainame hawakuwa wakimfikiria yeye, lakini wangemwelewa. Mwaka 2020 ndipo alipoingia. Mwaka 2021 akasaini mkataba wa dola milioni 64 kwa miaka minne, 2024 akaongezewa mwingine wa milioni 66 kwa miaka mitatu, na Februari 2025 alikuwa uwanjani Eagles walipowafunga Kansas City 40 kwa 22 katika Super Bowl, fainali ya ligi.

Umeona alichokikubali? Alikubali nafasi ambayo mtu hashiki mpira. Kazi yake ni kusimama kushoto na kuhakikisha kwotabaki, yule mrusha mpira, hapigwi kutoka upande asioutazama. Hakuna anayemshangilia akifanya vizuri. Jina lake hutajwa akikosea. Lakini ni nafasi ambayo ukubwa, wepesi wa miguu na akili tulivu vinaweza kumfikisha mtu aliyechelewa kuanza, kwa sababu anajifunza jambo moja na kulirudia. Mbebaji mpira anayeanza akiwa na miaka 23 anashindana na watu wanaojua mambo mia.

Kwa hiyo narudi kwako. Wewe ni nambari nane, mita moja na sentimita 96, kilo 112 kama hukunidanganya. Kwa mstari wa mbele wewe ni mwembamba. Kwa winga wa huku wewe ni mzito. Nafasi yako ya kweli naiona kwa wale wa pembeni mwa ulinzi, wanaomkimbilia kwotabaki, au yule mshambuliaji wa pembeni ambaye kazi yake nusu ni kuzuia na nusu kudaka. Zote mbili zinataka uongeze kilo, na uongeze kwa chakula na vyuma chini ya macho ya mtu aliyesomea. Usimeze unga wala dawa ya mtu wa jimu eti upate kilo 15 kwa miezi mitatu. Magoti yako hayatakusamehe, na vipimo vya huku havina undugu.

Kuhusu njia, mlango upo, na haupiti kwa huyo wakala anayekudai laki tatu "akuunganishe". Muulize atakuunganisha na timu gani, na kibali chake cha chama cha wachezaji kiko wapi, usikie atakavyobadilisha mada. NFL wenyewe wamekuja Afrika. Osi Umenyiora, aliyetwaa Super Bowl mara mbili na New York Giants, amekuwa akiongoza kambi za kusaka vipaji, Ghana mwaka 2022 na Nairobi mwaka uliofuata. NFL hupima mambo ambayo unaweza kuyapima leo kule uwanjani kwenu: mbio za yadi 40, ambazo ni mita 36 na nusu, kuruka wima ukiwa umesimama, na kunyanyua kilo 102 kifuani mara nyingi uwezavyo. Mwombe kocha wako saa ya kuaminika na mtu wa tatu wa kuandika. Niletee namba hizo zikiwa kwenye karatasi. Video ya wewe ukiwaburuta watu wawili Kakamega nimeshaiona, inapendeza, haitoshi.

Wakikuchukua, ujue hesabu zao. Timu huanza maandalizi na watu 90 na mwisho wa Agosti hubaki 53. Baadhi ya wanaoachwa hurudi katika kikosi cha mazoezi, na tangu 2024 kila timu inaruhusiwa nafasi moja ya ziada humo kwa mchezaji wa kimataifa. Hiyo nafasi moja ndiyo unayoitafuta. Inalipa zaidi ya dola 12,000 kwa wiki, na najua tayari umeshazidisha kwa shilingi. Sasa ondoa kodi, ondoa nyumba, kisha kumbuka kwamba ni kwa wiki za msimu tu, na kwamba wanaweza kukuita Jumanne asubuhi wakakuambia ulete kitabu cha michezo, basi. Hakuna notisi ya mwezi mmoja. Na viza ya matembezi haikuruhusu kufanya kazi yoyote; usije na wazo la kuja kutembea halafu tuone.

Tukifika kwa mama yako, yeye hataniuliza habari za dola. Ataniuliza kichwa. Usimwambie kuna kofia. Kofia inazuia fuvu lisipasuke, haizuii ubongo usitikisike ndani yake, na dada yangu amefanya kazi hospitalini miaka mingi mno kudanganywa kwa plastiki. Mwambie ukweli kwamba hatari ipo kama ilivyo katika raga, na kwamba ukigongwa ukaona giza utatoka uwanjani na kusema. Kisha uape kwake kwamba utasema kweli, kwa sababu vijana hamsemi.

Kazi uliyopewa kupitia klabu usiiache. Omba likizo bila malipo, andika barua ya heshima, mwage kocha ana kwa ana, wala usisubiri asikie kwa watu. Ile stashahada imebaki muhula mmoja, na huo muhula mmoja hauwezi kukuzuia kupata kilo, soma ukila. Kambi ikija Nairobi au Afrika popote, nenda. Wakikukataa, umepoteza wikendi. Wakikupenda, jiandae moyoni kwa miaka mitatu ya kutoonekana, na ukiona moyo unakataa hilo, basi baki na raga yako kwa furaha kabisa, sitakuona mwoga.

Nauli nitatoa, ya kambi kwanza, na siku wakikuita huku nitatoa hata ya kurudi, usije ukakwama kwa kuona haya kurudi nyumbani. Chumba cha chini hapa kwetu kiko wazi, na mkaza mjomba wako anasema atakulisha mpaka kilo zitimie.

Lakini mama yako sitamweleza mimi. Mpigie wewe mwenyewe Jumapili hii akitoka kanisani, uongee naye taratibu. Akinipigia yeye kabla yako, nitamwambia kila kitu, na la yule wakala pia.

Mjomba wako