Mavuno ya Gizani Karibu na Wakefield

Mwezi wa Februari, nilipokuwa Leeds, kaskazini ya Uingereza, kwa mafunzo ya kazi, mwenyeji wangu alinichukua siku ya Jumamosi kutazama shamba lililo karibu na mji wa Wakefield. Udongo ulikuwa umeganda kwa baridi, nami nikajiuliza ni mkulima gani avunaye chakula wakati kama huo.

Tuliingizwa katika banda refu lisilo na dirisha. Ndani mlikuwa na joto na giza, ila mishumaa michache iliyosimamishwa kati ya mimea. Macho yangu yalipozoea, niliona mabua mekundu yasiyo na idadi, kila bua na kijani chake kidogo cha manjano nchani. Huo ndio mmea uitwao rubabi. Tuliponyamaza, nilisikia vichipukizi vikipasuka kwa mlio mdogo. Msomaji asinicheke, nilisikia kwa masikio yangu.

Mzee mwenye shamba alinieleza kwamba mashina hukaa nje miaka miwili bila kuvunwa, yakijiwekea akiba mizizini. Yakisha kupigwa na baridi, hung'olewa na kuhamishiwa bandani. Kwa kukosa nuru, mmea hutumia akiba ile tu, na mabua hutoka laini na yenye ladha njema kuliko ya nje. Nchi hiyo, kati ya Wakefield, Morley na Rothwell, ilisifika kwa zao hili kwa sababu ya makaa ya mawe ya kupashia mabanda joto, na masazo ya sufu kutoka viwandani, yaliyokuwa mbolea. Mwaka 2010 Umoja wa Ulaya uliliwekea jina la rubabi hiyo ulinzi wa sheria.

Lakini nilikuwa na sababu yangu ya kuuliza maswali. Shangazi yangu, huko Limuru, amepanda mashina kadhaa nyuma ya jiko, na huuza mabua. Kabla sijasafiri aliniambia kwamba majani yake ni makubwa kuliko ya malenge, na ni hasara kuyatupa. Kwetu sisi tuliokuzwa kwa majani ya kunde na mchicha, fikira hiyo si ya ajabu.

Nilipomweleza mzee jambo hilo, aliacha kuchuma. Akasema, bua ni chakula, jani ni sumu. Jani lina asidi ya oksaliki nyingi, nayo huchoma kinywa na koo, hutapisha, na huweza kuharibu figo. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, mboga zilipopungua, Waingereza wenyewe walishauriwa kula majani haya. Watu waliugua, na wengine wakafa. Kuyapika hakuondoi sumu, na magadi tuyatiayo katika mboga ngumu huweza kuizidisha, maana huifanya iyeyuke kwa wepesi.

Bua lenyewe halina ubaya. Lina nyuzinyuzi zisaidiazo tumbo, na vitamini K. Ila ni kali mno, hata watu hulitia sukari nyingi, na hapo mwenye ugonjwa wa kisukari hana budi kuangalia. Aliyepata kuugua mawe ya figo na ale kidogo tu, kwa kuwa asidi ile imo katika bua pia, ingawa si nyingi kama katika jani. Tena lisipikwe katika sufuria ya alumini, kwani ukali wake huila sufuria. Ya chuma kisichoshika kutu yafaa. Mizizi ya rubabi ya Uchina imekuwa dawa ya kuharisha tangu zamani sana, lakini hiyo si kazi ya kujaribu nyumbani, hasa kwa mama mjamzito.

Jioni ile nilimpigia shangazi simu.

"Yamo katika ungo, mwanangu," akasema. "Nangoja maji yachemke."

Nilimsihi ayatie katika shimo la mboji, ambamo yakioza hayadhuru, wala asiwape mbuzi. Alinyamaza kitambo, nikasikia mlango wa jiko ukifunguliwa. Aliporudi aliniuliza kama Wazungu wa huko hununua mabua kwa bei gani.