Kuku wa Maskini

Wazee wetu walisema: kuku wa maskini hatagi, akitaga haangui, akiangua halei, na akilea, mwewe huchukua. Neno hili nimelisikia mara nyingi katika safari zangu kati ya Kasongo na Kabambare, na husemwa kwa kucheka kidogo na uchungu mwingi. Maana huku kwetu kuku si kitoweo tu. Kuku ni karo ya mtoto, ni dawa ya mgonjwa, ni heshima ya mgeni. Vita vya miaka ya 1996 hadi 2003 vilipopita, watu wakirudi kutoka porini na kukuta nyumba tupu, wengi walianza tena na kuku jike mmoja tu.

Lakini nimeona pia kwamba maskini anayeongea na jirani zake hushinda methali hiyo. Nimekaa barazani kwa watu, nikawasikia wakigawiana maarifa. Haya ndiyo machache.

Kwanza, kutaga. Mama mmoja wa Kabambare aliniambia: «Mwalimu, kuku ni kama mzazi, hapendi kuzalia njiani.» Yeye humwekea kikapu chenye majani makavu, mahali penye giza kidogo, na chini ya majani hutia majivu ili chawa wasimsumbue. Kuku asumbuliwaye na wadudu huacha mayai yake.

Pili, kuangua. Kuku hulalia siku 21. Usimpe mayai zaidi ya kumi au kumi na mawili, kwa kuwa yale ya pembeni hupoa. Yatie alama ya makaa, maana kuku wengine huja kutaga humo humo. Siku ya saba, usiku, yainue moja moja mbele ya tochi: lenye mishipa ya damu lirudishe, lililo jeupe tupu liondoe.

Tatu, kulea. Hapa ndipo tunapopoteza wengi. Vifaranga wakisongamana na kulia, wanaona baridi. Wakitawanyika na kuachama midomo, wanaona joto. Maji wape katika kisahani chenye vijiwe, wasizame. Mzee mmoja wa karibu na Kasongo hujaza chungu kikuukuu mabua na nyasi kavu, huzilowesha, kisha hukifudikiza jioni juu ya njia ya mchwa. Asubuhi kimejaa mchwa, na vifaranga hula bila yeye kutoa faranga moja. Tena huwafunika kwa tenga wiki za kwanza, na mwewe hupita akitazama tu.

Basi, yuko mwewe mwingine ambaye tenga halimzuii. Ni ugonjwa wa kideri, wengine huuita mdondo. Wazungu waliupa jina la Newcastle, mji wa Uingereza ulikoonekana mwaka 1926. Kuku hushusha mabawa, huhema kwa shida, huharisha kijani, shingo humpinda. Na kwa siku chache uwanja mzima huwa kimya. Dawa ya kuuponya hakuna. Kinga iko: tone moja la chanjo jichoni, kwa kuku na kwa vifaranga, kisha kurudia kila miezi mitatu au minne. Iko chanjo iitwayo I-2, iliyotengenezwa Australia, ambayo huvumilia joto kuliko zile za zamani, na imetumika sana vijijini Tanzania na Msumbiji.

Lakini angalieni: chupa moja ni ya kuku wengi, mamia pengine, na ikifunguliwa haikai. Mwenye kuku wanane hawezi kuinunua peke yake. Ni lazima nyumba kumi, ishirini, zichange pamoja, zichague siku moja, zimwite mganga wa mifugo.

Na hapa nasema neno gumu. Wako watu ambao, wakiona kuku mmoja amesinzia, huwafunga wote miguu upesi, huwapakia kwenye baiskeli, huwapeleka sokoni kabla hawajafa. Hao wameokoa faranga chache, nao wamepeleka kifo katika kila kijiji njiani. Mjane aliyenunua mmoja kwa fedha zake za mwisho atawapoteza na wale aliokuwa nao. Tendo hili tusiliite ujanja, ni wizi.

Ugonjwa ukiingia kwako, mwambie jirani siku ile ile, hata ukiona haya. Mizoga ichome au izike chini sana, usiitupe mtoni. Na kuku uliyemnunua mtenge wiki mbili mbali na wengine. Si bure kwamba wazee walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni.

Kuku wangu hawana afya ikiwa wa jirani wanakufa, maana uwanja wetu hauna ukuta, nao huchakura jalala moja. Anayejua na afundishe. Asiyejua na aulize. Na siku ya chanjo pasiwe nyumba iliyosahauliwa, hasa ile yenye kuku mmoja.